Mtani Wangu, Umekufa Hujaelewa Mionzi ya Gama

Mwantumu binti Shomari, Mzaramo uliyeletwa Tabora na treni ukajifanya mji ni wako,

Salamu sikupi. Salamu apewe aliyeaga, na wewe uliondoka kama mtu anayekimbia kesi. Nakuandikia nimekaa barazani kwangu hapa Ng'ambo, nimejifunga kanga yako ile ya zambarau, miwani yako iko mapajani mwangu. Asubuhi hii wanao wamekuja tena na jogoo, wanataka kuvikomboa. Nimewarudisha na jogoo wao. Vitu vya marehemu vikishachukuliwa na mtani havirudi mpaka mtani aridhike, na mimi sijaridhika. Hata kidogo.

Barua hii naiacha wazi aisome anayetaka. Na kwa kuwa si kila mtu anatujua, acha niwaambie. Mimi ni Mnyamwezi wa Ziba, muuza mchele. Mwantumu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, muuza vitumbua, mlango wake na wangu imetenganishwa na mfereji tu. Babu zangu walipobeba pembe za ndovu kuteremka pwani walipita kwa babu zake, wakalala kwao, wakagombana nao, wakauguzwa nao, wengine wakazikwa hukohuko, mwisho wakakubaliana kutukanana badala ya kupigana. Sisi tumeurithi huo utani. Mtani akikutukana, unacheka. Akibeba sufuria yako, unaikomboa kwa kuku. Ukikasirika, aibu ni yako wewe uliyekasirika. Ndiyo maana nilikuchekea miaka yote ile, Mwantumu, hata siku ile nilipotaka kukung'oa nywele.

Unakumbuka siku ya kwanza? Ulikuwa bibi harusi mbichi, hina haijatoka mikononi, umetumwa na mama mkwe wako kununua mchele kwangu. Ukakuta nimeanika michembe yangu, viazi vitamu vya kukausha, juu ya mkeka. Ukaokota kipande kimoja, ukakinusa, ukakigonga kwenye ukuta.

"Hivi huku mnakula mbao?" ukauliza.

Nikajua hapohapo. Nikakuuliza, "Wewe Mzaramo?"

"Wa kuzaliwa."

"Basi rudisha kipande changu, mwizi. Babu zenu walikula hongo za babu zangu njia nzima, na wewe umefuata mabaki?"

Ukacheka mpaka ukakaa chini kwenye mkeka wangu, juu ya michembe yangu, na hina yako na kila kitu. Tangu siku hiyo ulinunua mchele wa vitumbua vyako kwangu tu, na kila siku ulisema una mawe. Haukuwa na mawe. Mchele wangu wa Ziba nauchambua kwa mikono hii, punje kwa punje, na mji mzima unajua.

Kalunde alipozaliwa wewe ndiye ulimpokonya mkunga. Ukamfunika, ukampeleka kwako, ukatangaza mtaani kwamba Wanyamwezi wamezaa mtoto mzuri kwa bahati mbaya na wewe umemkamata, hatoki mpaka kuku aje. Mume wangu, Mungu amrehemu, akaleta kuku wawili kwa furaha. Uliwala wote. Mtoto alikua kwenye mfereji ule, mguu mmoja kwako, mguu mmoja kwangu. Akikaa pembeni ya jiko lako anauliza, "Mama Mwantumu, kwa nini moto wa chini ni wa bluu na wa juu ni mwekundu?" Wewe unamjibu, "Kwa sababu baba yako ni Mnyamwezi," unamtia kitumbua mdomoni anyamaze. Hakunyamaza. Mwanangu hakunyamaza hata siku moja, na hapo ndipo ninapoanza kujisifu. Utanivumilia. Huna pa kwenda.

Aliongoza shule ya msingi. Akaongoza sekondari. Walimu walikuja nyumbani kunipa mkono mimi, mwanamke wa darasa la saba, wakaniuliza nilimlisha nini. Nikawaambia michembe. Akaenda chuo kikuu akasoma fizikia, na walipotafuta vijana wa kwenda Namibia kufanya kazi kwenye madarubini makubwa yaliyoko nyikani kule, wakamchukua. Nilipita soko zima siku ile. Nilimwambia yule mama wa Kiarabu wa duka la vitambaa, nikamwambia Muhindi wa vyombo na mkewe, nikamwambia kila aliyenunua kibaba na asiyenunua. Wewe ulinifuata nyuma ukiwaambia watu, "Msimsikilize, mtoto amekwenda kuchunga mbuni."

Hiyo ilikuwa nzuri. Nilicheka. Hiyo sikulipizii.

Nalipizia ile ya pili.

Kalunde alikuja likizo yake ya kwanza. Nikapika. Mtaa mzima ulikula uani kwangu, hutabisha, wewe ulikula sahani tatu. Walipomaliza wakaomba mtoto aeleze kazi yake. Akasimama, mtoto wa watu, ana haya kama baba yake, anavuta vidole. Akasema huko juu mbinguni kuna nyota zilizolipuka na mashimo yanayomeza kila kitu, yanarusha mwanga wenye nguvu kuliko mwanga wowote, unaitwa mionzi ya gama. Akasema mwanga huo haufiki chini. Jicho haliuoni. Darubini nazo haziuoni wenyewe, zinaona alama yake tu, mmweko mdogo wa bluu angani, mfupi kuliko kupepesa jicho. Akasema lazima wakae gizani kabisa, taa zote zimezimwa, hata mwezi usiwepo.

Na wewe ukainuka.

Ukafumba macho. Ukanyoosha mikono mbele. Ukaanza kupapasa katikati ya wageni wangu, unashika vichwa vya watu, unashika pua ya shehe, unasema kwa sauti ya mwanangu, ileile yenye haya, "Nimeona! Jamani, nimeona kitu ambacho hakijafika!" Uani kukalipuka. Ukaja kwangu ukanishika matiti ukasema, "Na hapa nimegundua shimo linalomeza kila kitu, ni mfuko wa mama yangu." Watu wakalala chini. Halafu ukafumbua macho, ukamwekea Kalunde mkono kichwani, ukasema, "Kuanzia leo nakupa cheo. Wewe ni Injinia wa Giza."

Nilicheka, kwa sababu ningefanya nini? Yeye pia alicheka. Lakini mimi ndiye mama, nilimwona shingo ikiinama.

Jina likashika, Mwantumu. Ulijua litashika, ulikuwa na mdomo wa gundi. Kesho yake vijana wa bodaboda kijiweni: "Injinia wa Giza, tukupeleke wapi?" Umeme ukikatika, Ng'ambo nzima inapiga kelele, "Injinia kafika!" Dukani wakimkuta: "Tuuzie giza la kilo." Mtoto alikuwa akae mwezi mzima. Aliondoka kabla ya nusu. Stesheni alinikumbatia, akaniita mama kwa Kinyamwezi: "Mayu, hawa watu wananipenda, najua. Ila mimi nimesoma miaka yote hiyo, na nyumbani kwetu kazi yangu ni kichekesho." Treni ikaondoka. Hakurudi likizo iliyofuata. Wala iliyofuata hiyo. Kila akipiga simu, akishaniuliza magoti na mchele, anauliza kama anauliza hali ya hewa, "Bado wananiita?"

Na mimi sikujua kumdanganya.

Nikaja kwako. Hilo unalikumbuka vizuri, ulikuwa unageuza vitumbua, hukuinua hata uso. Nikasema, "Mwantumu, nimecheka inatosha. Lifute lile jina. Wewe ndiye ulilitoa, ukisema limefutwa, watu wataliacha."

"Umekasirika?" ukaniuliza.

"Sijakasirika."

"Umekasirika! Njooni mwone, Mnyamwezi amekasirika!"

"Sijakasirika, mbwa wewe. Nakuomba."

Hapo ukanitazama. Ukaipandisha miwani yako iliyofungwa uzi sikioni. Ukasema, "Mimi sikulitoa kwa ubaya. Nililitoa kwa sababu mtoto aliongea sikuelewa kitu, na wewe hukuelewa, na shehe hakuelewa, wote tukawa tunatikisa vichwa kama kondoo. Siku utakayonieleza mwanangu anafanya nini huko, nikaelewa mimi Mwantumu muuza vitumbua, nitalifuta mbele ya mtaa mzima."

"Mwanao?" nikasema.

"Si nilimkomboa kwa kuku?"

"Kuku ulikula wewe!"

"Basi nimewala. Ni wangu."

Nikaondoka natukana njia nzima. Lakini neno nililibeba.

Sasa sikiliza nilichofanya kwa ajili ya kukukomoa, maana hukukijua, nilikificha nikupige nacho siku moja. Nilijifanya mwanafunzi. Kalunde hana nafasi usiku wa giza, ndio wakati wao wa kazi. Mwezi ukiwa mpevu mbingu yao inakuwa na mwanga mwingi, wanapumzika. Kwa hiyo kila mwezi ulipojaa, jioni, ulipokuwa unaniona nimejifungia ndani na simu ukasema mtaani eti nimepata bwana, nilikuwa darasani. Bwana! Nilikuwa nasomeshwa na mwanangu.

Mwanzo alinieleza kwa Kiswahili cha vitabu. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi si chuo. Niambie kwa mchele." Akacheka, kicheko ambacho sikukisikia tangu stesheni. Tukaanza.

Akaniambia mwanga ni ngazi. Vidato vya chini ndiyo mawimbi ya redio, juu yake joto la jiko, juu yake mwanga tunaouona, juu tena ule wa jua unaobabua ngozi, juu tena eksirei za hospitali, na juu kabisa, ambako huwezi kupanda bila kizunguzungu, ndiko iliko gama. Eksirei za mbinguni hewa yetu inazizuia zote, wanaozitafuta wanapeleka darubini nje kabisa ya hewa, kwenye setilaiti. Gama nayo hewa inaizuia. Lakini ile yenye nguvu sana haizuiliwi kimyakimya. Inakuja, inaipiga hewa juu kule kunakopita ndege, inavunjika. Ikivunjika inatoa chembe, chembe zinagonga hewa zinatoa chembe nyingine, zinashuka kama mvua. Na mvua hiyo ina kasi kuliko mwanga wenyewe unavyotembea hewani. Ndege ya jeshi ikiishinda sauti yake tunasikia kishindo, si ndiyo? Hizi chembe zikiushinda mwanga, badala ya kishindo unatoka mmweko. Wa bluu. Mwepesi, haumulikii hata sisimizi.

Ndiyo maana giza, Mwantumu! Ndiyo maana wanakaa gizani, mjinga wewe, si kwa sababu hawana umeme! Wana vioo vikubwa vimeunganishwa kwa vioo vidogo vingi kama magamba ya samaki, vinaukusanya ule mmweko wote vinaumimina kwenye kamera moja yenye macho mengi, ya haraka kupita haraka. Taa ya gari moja tu ikipita karibu inaharibu kazi.

Na hapo bado. Nikamwuliza swali langu mwenyewe, nisifie kidogo: "Sasa mkiona mmweko mnajuaje ni gama yenu, si kitu kingine?" Akasema, "Mayu, hilo ndilo swali lenyewe." Sikulala kwa furaha. Akasema mimweko mingi kabisa si gama, ni vipande vya atomi vinavyorandaranda mbinguni navyo vinagonga hewa. Ila picha zake hazifanani. Ya gama inatoka nyembamba, safi, imenyooka, mfano wa punje ya mchele. Zile nyingine zinatoka zimechanika, zimesambaa, kama pumba na vipande. Kazi yao kubwa kila kukicha ni kutupa pumba na kubakiza punje.

Nikamwambia, "Kwa hiyo unachambua mchele."

Akasema, "Nachambua mchele, mayu."

Mwantumu, nililia. Watu wanasema mtoto amesoma mpaka amekuwa mgeni, kumbe amesoma mpaka amefika kazini kwangu.

Nikawa tayari. Nilipanga. Nilitaka nikufuate sokoni asubuhi, saa watu wamejaa, wewe na karai lako, nikueleze mwanzo mpaka mwisho kwa sauti, nikufunge mdomo mbele ya bodaboda wote, nikusubiri useme "nimeelewa", na ukisema tu, nikumwagie kapu la pumba kichwani. Pumba nilizikusanya. Zilikuwa zimejaa.

Na wewe ukafa.

Alasiri tu, unateleka chai, kiharusi, jioni hatuna Mwantumu. Nilipoambiwa, neno la kwanza lililonitoka, wanao ni mashahidi, nilisema, "Mshenzi! Amekwepa!" Wageni walidhani nimerukwa na akili. Wazaramo walielewa. Nilikuwa na deni lako kifuani limeiva, na umekwenda nalo, na jina la mwanangu umeliacha likining'inia kwenye midomo ya watu, hakuna wa kulitoa. Nilikuchukia, sikufichi. Nilikuosha na wenzangu nikiwa nakuchukia, na nilikuosha vizuri.

Sasa kisasi.

Siku ya tatu ya matanga, wanawake tumekaa uani kwako tunachambua mchele wa msiba, mchele wangu huo, sikuwachaji. Kaka yako mkubwa, Mzee Shomari, alikuwa amefika kutoka Kisarawe, amekaa na wanaume upande wa pili. Nikaingia chumbani kwako. Nikajifunga kanga yako hii. Nikavaa kandambili zako, ile ya kushoto iliyochakaa kwa kuburuta. Nikavaa miwani yako ya uzi. Nikatoka nikitembea kama wewe, kiuno mbele kama mtu anasukuma mlango.

Binti yako wa kwanza alipiga ukelele. Kisha akacheka. Kisha akalia. Wazee wakaitikia, "Marehemu huyo! Marehemu huyo!" Kwa mila zetu, mtani akivaa nguo za marehemu, ni marehemu anayesema, na hakuna wa kumzuia.

Nikatukana mchele. "Una mawe!" Watu hoi. Nikamshika shehe pua. Nikawaambia wanao wamenizika na sanda ya bei rahisi. Halafu nikakaa katikati ya mkeka, nikasema kwa sauti yako, "Muiteni yule Mnyamwezi mwizi. Anieleze. Siendi mbali kabla sijaelewa mwanangu Kalunde anafanya nini."

Nikavua miwani, nikawa mimi. Nikaeleza. Ngazi, hewa, mvua ya chembe, mmweko, vioo. Nikavaa miwani, nikawa wewe, nikauliza maswali ya kijinga, ya kwako hasa: "Kama haufiki si uongo huo?" Nikavua. "Radi ikipiga Lusu mvua isifike huku, umeme wake huoni?" Nikavaa: "Naona." Nikavua: "Basi nyamaza." Wanawake wakaacha kuchambua. Wanaume wakasogeza viti. Shehe mwenyewe akanyoosha kidole kama mwanafunzi akauliza hizo nyota zilizolipuka zililipuka lini. Nikamjibu nyingine zilikufa kabla babu zetu hawajabeba pembe hata moja, na bado mabaki yake yanarusha. Nikamwambia, "Maiti zisizonyamaza, kama huyu wetu."

Ndipo Mzee Shomari akasimama. Akasema, "Dada yangu alikuwa mbishi. Msimrahisishie. Mimi nauliza kwa niaba yake."

Nikasema, "Uliza, baba."

"Umesema mwanga wenyewe haukufika. Mmeona mmweko wa hewa tu, hapo juu yetu. Sasa huyo mtoto anajuaje ulitoka nyota gani? Mbingu ni kubwa."

Mwantumu, nilidhani nimekwisha. Halafu nikakumbuka jioni moja ya mwezi mpevu. Nikavuta ungo. Nikaumwaga mchele wote, ungo ukabaki mtupu. Nikaweka punje tatu, mbalimbali, kila moja imelala upande wake. Nikasema, "Madarubini yako kadhaa, baba, si moja. Yote yanatazama mmweko uleule, kila moja kutoka mahali pake, na kila moja inaona punje imelala kivyake. Sasa niletee njiti za fagio." Wakaleta. Nikalaza njiti juu ya punje ya kwanza kufuata ulalo wake. Ya pili. Ya tatu. Njiti zikavukana mahali pamoja, juu ya ungo.

Nikaweka kidole pale. "Nyota yake iko hapa."

Mzee alikuja akainama. Akatazama ungo muda mrefu. Akainuka akasema, "Mvisheni dada yangu miwani."

Nikavaa. Akaniuliza kama anakuuliza wewe, kwa upole, si kwa utani tena, "Mwantumu, umeelewa?"

Na hapo, shetani wewe, sauti yako ikanikataa. Nilikuwa nayo mwanzo mpaka mwisho, pale ikakauka. Watu wote wananitazama. Nikasema, na sijui nilisema kwa sauti ya nani, "Nimeelewa. Nalifuta lile jina. Atakayemwita Kalunde Injinia wa Giza, nitamtokea jikoni."

Wakapiga vigelegele, msibani! Vijana wa bodaboda waliokuwa wanapiga picha za video kwa simu wakavua kofia. Na wameshika neno, nakiri. Umeme ulikatika juzi, nikasubiri mlangoni nisikie. Hakuna aliyesema kitu. Kimya. Jirani mmoja tu alisema, "Giza hili lingewafaa akina Kalunde huko kazini," na hakucheka.

Kwa hiyo nimekushinda. Andika hiyo popote mnapoandika huko. Nimekunyang'anya mdomo wako nikautumia kumsifu mwanangu, mbele ya kaka yako, kwenye mkeka wako, na mchele wangu. Mtaa mzima umeelewa mionzi ya gama. Shehe ameelewa. Bodaboda wameelewa. Ng'ambo hii yote, ni wewe peke yako uliyekufa hujaelewa. Hicho ndicho kisasi changu, na nimekilamba kama asali ya Sikonge.

Ila nikuambie kinachonichoma. Nilipomaliza, nilisubiri. Mwili wenyewe ulisubiri, kwa mazoea. Nimekupiga pigo kubwa kuliko yote tangu siku ya mbao, sasa zamu yako, nirudishie, niite mwizi, sema njiti zimepinda. Nilisimama na kandambili zako miguuni nasubiri nitukanwe. Wakanipa pole. Watu walinipa pole, Mwantumu! Nani aliwahi kunipa pole mbele yako ukamwacha? Ninapika sasa, nakula peke yangu chakula kisicho na mtu wa kukisema. Mchele wangu hauna mawe tena, kila mnunuzi anausifu, nami nawauzia kwa hasira. Nusu saa tu ungesubiri. Chai ile ungeiteleka baadaye.

Video ilimfikia Kalunde. Alinipigia, mwezi haujajaa, alitoroka kazini. Alikuwa analia na kucheka, sikuelewa kitu, mpaka akatulia akauliza swali lake, lakini safari hii halikuwa lile la siku zote. Aliuliza, "Mayu, alielewa kweli?"

Nikamwambia ukweli. Nikasema, "Yule hakuelewa. Nilielewa mimi nikamsemea."

Kisha akasema, "Basi nakuja nimweleze mwenyewe."

Anakuja, Mwantumu. Amekwisha kata tiketi, mwezi huu ukiwa mpevu yuko hapa, na chumba nimeshapiga chokaa. Wanao nimewaambia jogoo wao wamfuge, ataliwa siku hiyo, lakini kanga hii nabaki nayo. Miwani nitakuja nayo huko makaburini. Nitamkalisha Kalunde kando yako, mimi upande wa pili, na ungo, na njiti, na aanze kwenye kidato cha chini kabisa, taratibu, asiruke kitu. Akimaliza nitakuuliza kama umeelewa.

Na ukininyamazia, nitamwambia aanze upya.

Mimi mtani wako uliyeshindwa kumkasirisha,
Mama Kalunde